Ziada ya upepo

Dukani Korogwe, karibu na stendi, dereva niliyefuatana naye kutoka Handeni aliomba geji ya upepo. Kijana wa kaunta akamletea ile ya kupimia matairi. Hakukosea. Kuanzia Segera hadi Mombo, upepo ndio huo unaojazwa kwenye tairi, na geji yake kila mtu anaijua.

"Siyo hiyo, mdogo wangu. Nataka ya tabo."

Mwalimu wa fizikia angeusahihisha huo upepo. Angesema ni hewa, kwa kuwa upepo ni hewa inayokwenda. Mimi nawaunga mkono mafundi. Ndani ya tabo, moshi wa injini huzungusha mapanga, mapanga yanazungusha mengine kwenye ekseli ileile, na hayo ndiyo yanayoishindilia hewa kwenye injini. Tena turbo, neno lililozaa tabo, kwa Kilatini ni kisulisuli, na vilevile ni kile kichezeo cha watoto tukiitacho pia. Fundi akisema "upepo haufiki" amelitafsiri neno bila kufungua kamusi.

Tatizo liko kwenye kipimo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, walitupa kanieneo, neno ninalolipenda sana: kani juu ya eneo, fomula nzima imekaa ndani ya jina. Bahati mbaya halijafika gereji. Gereji wanasema presha, na ukilitamka neno hilo mbele ya watu wazima watakuuliza nani anaumwa. Shinikizo nalo limeshachukuliwa na siasa na hospitali.

Hata tungekubaliana juu ya moja kati ya hayo, bado lingebaki swali ambalo geji ya tabo inalijibu: imezidi nini? Hewa ya Korogwe, mji ulio karibu mita 300 juu ya bahari, tayari ina kama kilopaskali 98 kabla tabo haijafanya lolote. Geji haizihesabu hizo. Inahesabu kilichoongezwa juu ya hizo. Ndiyo maana napendekeza tuseme ziada: geji ya ziada ya tabo.

Dereva wetu analipeleka gari lake la dizeli Lushoto mara kwa mara, kwenye mita 1,400 hivi, ambako hewa imepungua hadi kama kilopaskali 86. Mshale ukisoma 70 Korogwe, injini inapata jumla ya 168. Ukisoma 70 hiyohiyo Lushoto, inapata 156. Geji haijasema uongo, maana ziada ni ileile. Lakini mashine ya fundi inayosoma kompyuta ya gari mara nyingi hutoa jumla, na asiye na maneno mawili kwa vitu hivi viwili ataitupa geji nzima.

Geji zilizoletwa zilikuwa mbili. Moja iliishia kilopaskali 300, kubwa, yenye taa za kupendeza. Nyingine iliishia 150. Fundi tuliyempelekea zote mbili aliichagua ndogo kabla hata ya kuipima. Kosa la geji, alieleza, huhesabiwa kwa asilimia ya kipimo chake chote. Asilimia 3 ya 300 ni 9, na 9 ndani ya 70 ni nyingi. Upande wa chini ya sifuri hakuujali, kwa sababu dizeli ya aina ile haivuti hewa kupitia mlango unaofungwa kama ya petroli.

Kisha akazichomeka zote kwenye betri, injini ikiwa imezimwa, mipira yake ikining'inia wazi. Ndogo ikatulia kwenye sifuri. Kubwa ikasimama kwenye 20.

"Hii inadanganya kabla haijaulizwa, mzee," akamwambia dereva.

Akaufunga mpira mwembamba kwenye manifodi, baada ya kipoza hewa, tukatoka barabarani kuelekea Mombo na mzigo wa machungwa nyuma. Mlimani mshale uligoma kwenye 40. Tukarudi. Fundi akapitisha maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na chini ya kipoza hewa povu likachemka: klempu ilikuwa imelegea, mpira umechanika urefu wa kucha.

Jioni tulipopita tena palepale, mshale ulipanda taratibu, ukapita 60, ukakaa 70. Dereva aliutazama muda mrefu kuliko barabara inavyoruhusu.

"Ziada imerudi," alisema.