Vyakula vya Mchanganyiko: Bibi Zetu Walitangulia



Msimu huu wa harusi tumeulizwa sana juu ya hoteli zinazouza vyakula vya mchanganyiko wa Kiasia, vile wenyewe wanavyoviita fyusheni. Pweza wetu anapikwa kwa mchuzi wa soya, jodari analiwa mbichi na ndimu na pilipili, sambusa inajazwa kitoweo cha Kichina. Bwana harusi anataka kumtoa mkewe chakula cha usiku, mawifi nao wanataka kumpongeza wifi yao, na bibi harusi anabaki kujiuliza: vyakula hivi ni vyetu kweli? Ni halali? Na kwa nini bei yake ni ile? Tumeona tujibu kwa historia, maana kuchanganya chakula visiwani kwetu kuna umri mkubwa kuliko hoteli yoyote.

Sinia la mwaka 1331

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mwanachuoni kutoka Morocco, alipita pwani hii akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Alipokuwa Mogadishu aliandika alivyokirimiwa. Uliletwa wali uliopikwa kwa samli, katika sinia kubwa la mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Zilikuwepo ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Pembeni paliwekwa maziwa ya mgando, na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Aliwastaajabia wenyeji kwa wingi wa kula kwao pia, lakini hilo tumsamehe!

Dada, liangalie sinia hilo vizuri. Mpunga, ndizi, embe na tangawizi, vyote asili yake ni Asia. Pilipili aliyoiona haikuwa hii kichaa tunayoijua leo, kwani pilipili kichaa asili yake ni Amerika na ilikuja baadaye na Wareno. Kule Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kwamba watu wa mji wa zamani wa Tumbe walikula zaidi uwele, lakini katika mji wa Chwaka, uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Chakula cha Asia kiliingia, kikapendwa, kikawa cha nyumbani. Leo nani atakwambia kuwa wali ni chakula cha kigeni?

Kaskazi ilileta, jiko likachagua

Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Bara Hindi, Uajemi na Arabuni, na kusi ikayarudisha. Iliki na pilipili manga zilitoka Malabar, mdalasini ukatoka Sri Lanka. Karafuu, tunayoiita roho ya Unguja na Pemba, kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Ilipandwa kwetu katika karne ya 19, na Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat ndipo mashamba yakaenea. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuja, wengine na familia zao, na kwa njia hizo za bahari tukapata bajia, kachori, chapati na chatne. Biriani na pilau majina yake yanatupeleka hadi Uajemi. Bokoboko la harusini ni ndugu wa harisa ya Waarabu.

Nani aliyevichanganya? Wapishi, na wengi wao hawakuandikwa popote. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo anaeleza shughuli za jiko la kasri lile. Lakini tusifiche ukweli: katika majumba makubwa ya wakati ule, walioshika mwiko kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa, wengi wao wametolewa bara kwa nguvu. Tui la nazi lililoingia kwenye viungo vya Kihindi, na muhogo uliokaa sahani moja na bajia, ni kazi ya mikono ya wanawake ambao majina yao hatuyajui. Tunapokula urithi huu, tuwaombee dua na wao.

Mvinyo ulitoka, siki ikaingia

Hapa ndipo historia inapomfaa bibi harusi wetu, na mfano mzuri ni vindalu. Wareno walikuwa na chakula chao cha nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na vitunguu saumu. Kilipofika Goa, mvinyo ukaachwa na siki ikashika nafasi yake, kisha pilipili na viungo vikaongezwa. Wagoa wa Kikristo walikipika kwa nguruwe. Wagoa hao walikuja Unguja wakiwa washoni, wapishi na waoka mikate. Katika jiko la Muislamu, vindalu hupikwa kwa ng'ombe, mbuzi au kuku, na bado ni vindalu. Siki yenyewe Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri.

Ndiyo kusema, chakula kinaweza kuvuka bahari na dini, kikaacha kisichotufaa, na ladha isipotee. Sisi tunaoshona tunalijua jambo hili. Kitambaa kinatoka mbali, lakini mkato na urefu wa mkono anaamua mvaaji, kwa stara anayoitaka. Hatukatai kitambaa kwa sababu kilikotoka watu wanavaa vingine.

Hoteli zikaja na jina

Fyusheni ya hotelini ina historia yake, nayo pia ilianza kwa watu wa kazi ngumu. Kuanzia 1849 Wachina walipelekwa Peru kwa mikataba, wakatumikishwa mashambani na kuchimba samadi ya ndege wa baharini. Mwaka 1899 vibarua wa Kijapani nao wakafika huko. Kutokana na Wachina wale zikazaliwa hoteli ziitwazo chifa, na chakula kama lomo saltado: nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa soya, vitunguu na nyanya, ikaliwa na chipsi na wali kwenye sahani moja. Mtu wa Darajani hawezi kukishangaa chakula hicho.

Mpishi wa Kijapani Nobu Matsuhisa alikwenda Lima mwaka 1973, akajifunza kutumia ndimu na pilipili za Peru kwenye samaki wa kwao. Alifungua hoteli yake Beverly Hills mwaka 1987, na ya New York mwaka 1994. Kabla yake, mwaka 1983, Wolfgang Puck alishafungua Chinois on Main huko Santa Monica, Marekani, akichanganya upishi wa Kichina na wa Kifaransa. Mtindo ukapata jina, ukapata bei, ukaenea kwenye hoteli za kitalii. Mwaka 2008 Nobu ikafunguliwa Dubai, mji ambao wafanyabiashara wenzetu wengi wanakwenda kuchukua bidhaa. Basi mtindo huu ukitufikia visiwani, unatufikia umeshazunguka dunia.

Na sisi tulikuwa na wetu. Urojo una unga, ukwaju au embe mbichi, manjano, bajia, kachori, viazi, mishkaki, yai, chatne ya nazi na chipsi za muhogo. Bajia na kachori ni za Bara Hindi, viazi na muhogo asili yake ni Amerika, embe na nazi ni za Asia. Wageni wanauita Zanzibar mix, yaani mchanganyiko wa Zanzibar. Jina lenyewe ndiyo hiyo hiyo fyusheni! Tofauti ni kwamba mama anayeuuza barazani kwake jioni hana karatasi ya menyu wala taa za rangi, na bakuli lake tunalipunguzia bei bila haya. Tukifika hotelini tunalipa mara nyingi zaidi, kimya, tena na shukurani juu.

Sasa bibi harusi afanye nini?

Nenda ukale, dada. Kutoka na mumeo kwa stara na mazungumzo mazuri ni jambo la kheri, na udadisi wa ladha hauna dhambi. Lakini fanya kama walivyofanya waliotutangulia: chagua kwa kujua.

Uliza kabla ya kuagiza. Mirin na sake ni pombe za mchele, na mara nyingi hutiwa kwenye mchuzi wa teriyaki na kwenye nyama za kulowekwa. Wapishi wa Kichina nao hutumia mvinyo wa mchele. Usiridhike na jibu la "pombe yote imeungua jikoni", kwa sababu moto hauimalizi yote, na hukumu yake dini imeshaiweka. Mwambie mhudumu akuulizie kwa mpishi kama wanaweza kutia siki ya mchele na sukari kidogo badala yake. Hilo si kumsumbua mtu. Goa walibadilisha, na chakula kikawa kitamu hata kikapata umaarufu wa dunia. Kuku na nyama, uliza vimechinjwa na nani. Samaki, pweza na kamba ni neema yetu, kula kwa raha.

Na kwa harusi yenyewe, usikimbilie kumpa hoteli shughuli nzima kwa sababu tu menyu yake ina majina ya Kijapani. Wapo mashangazi na majirani wanaopika biriani, bokoboko na achari kwa mkono wa miaka thelathini. Waagize kama unavyoagiza hotelini: siku ijulikane, idadi ya masinia ijulikane, na malipo yatolewe kamili, yasiwe "asante, Mungu atakulipa" peke yake. Kisha mwombe mmoja wao akufundishe chakula kimoja, na uandike jina lake juu ya karatasi ya mapishi. Wapishi wa karne ya 19 hawakuandikwa. Hawa wa leo tunaweza kuwaandika sisi.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wetu wote, azijaalie sahani zenu halali na nyumba zenu ziwe na furaha. Amin.