Safari ya kwenda kuona chai ya Kericho ina moshi kiasi gani?

Mgeni anayetoka Mombasa kwenda Kericho na Bomet akifika huko hutembea mashambani kwa miguu. Moshi wake mwingi ameshauacha njiani. Hoteli inayojisifu kwa taa za sola bila kuuliza wageni walifikaje, imehesabu senti ikaacha noti.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Ya petroli, kilo 2.3. Wengi hushangaa, maana lita ya dizeli yenyewe haifiki kilo moja. Sababu ni kwamba kaboni iliyomo kwenye mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa.

Tuchukue mfano. Mombasa hadi Kericho ni kama kilomita 740. Kwenda na kurudi, 1,480. Gari la dizeli linalokwenda kilomita 10 kwa lita litachoma lita 148, yaani karibu kilo 400 za hewa hiyo. Likiwa na abiria 12, fungu la kila mmoja ni kilo 33. Likiwa na wanne, ni kilo 100. Gari ni lile lile.

Hapo kwenye kugawa ndipo hesabu nyingi huchezewa. Gari likishusha wageni na kurudi tupu, mafuta ya kurudi ni ya wageni wale wale. Likitoka Maasai Mara kupitia Bomet na Litein hadi Kericho, kisha likaendelea Kisumu, kila kipande cha njia wagawiwe abiria waliokuwamo. Anayeshuka kwa ndege Kisumu bado ana kilomita kama 80 za barabara, na ndege nayo ihesabiwe. Treni ya SGR pia huvutwa na injini za dizeli hadi Nairobi, ila moshi wake hugawanywa kwa abiria wengi.

Risiti za mafuta ni ushahidi bora kuliko kilomita za ramani. Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya bahari, na gari linalopanda hunywa zaidi. Tangu 2023 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 14083, cha hesabu za usafiri wa abiria na mizigo. Hicho hutaka hata moshi wa kusafisha mafuta na kuyasafirisha uongezwe, kwa hiyo zile kilo 400 zetu ni pungufu.

Basi wakala anayekuuzia "safari ya kijani" muulize mambo mawili tu: lita ngapi, na abiria wangapi?