Azola: Mbolea Iliyofichwa Kijijini La Van

Leo tunazungumza historia, lakini historia yenyewe imo ndani ya majaruba ya mpunga.

Kaskazini ya Vietnam, katika eneo la Thai Binh, kipo kijiji kiitwacho La Van. Wakulima wa hapo tangu zamani walikuwa na mbolea yao. Mbolea hiyo ni azola, kimea kidogo cha jamii ya kangaga kinachoelea juu ya maji. Husimuliwa kwamba aliyeanza kukitunza ni mwanamke mkulima, jina lake Ba Heng, na wanakijiji wakamjengea hekalu la kumkumbuka.

Utauliza, kimea hiki kina nini? Siri imo majanini. Kila jani lina kijishimo, na humo vinaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo anabena. Kazi yao ni kuchukua nitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Azola inavipa nyumba, navyo vinalipa kodi kwa nitrojeni. Hali ikiwa nzuri, azola huongezeka maradufu kwa siku tatu hadi tano tu. Ukiifukia topeni inaoza, na mpunga unapata chakula.

Lakini azola haipendi joto kali. Miezi ya joto ikiingia, nyingi hufa. Familia chache za La Van ndizo zilizojua namna ya kuivusha mbegu mpaka msimu ufuatao, na ujuzi huo hazikumpa mtu wa nje. Wa vijiji vingine ilibidi waende kwao kununua mbegu. Basi mwenye mbegu ndiye aliyekuwa bwana.

Utawala wa Kifaransa ulipokwisha mwaka 1954, serikali ya Kaskazini iliifanya azola kuwa kazi ya taifa. Siri ikafundishwa katika vyama vya ushirika. Miaka ya 1960 azola ilikwisha enea katika hekta laki kadhaa. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, mbolea za viwandani nazo zikapanda, na wataalamu wa nchi nyingine wakaanza kuichunguza azola kwa bidii.

Baadaye urea ilipatikana kwa urahisi zaidi. Azola inataka mikono mingi: kuitandaza, kuifukia, kuikinga na wadudu. Tena bila fosfeti haisitawi. Kuanzia miaka ya 1980 wengi wakaiacha, huko Vietnam na hata China.

Ndugu mkulima, azola ya asili ipo hata katika maji ya Afrika ya Mashariki. Haiondoi haja ya mbolea zote, lakini asiyemudu urea asiipuuze. Tena tujifunze kwa La Van: ujuzi uliofichwa ulishibisha nyumba chache; ulipogawanywa, ulifika majaruba mengi.