Historia ya Silaha za Nyumbani Mjini Nairobi

Reli ya Uganda ilipofika mwaka 1899 kwenye tambarare ile yenye majimaji ambayo baadaye ikawa jiji la Nairobi, watu waliopiga mahema na kujenga vibanda vya mabati kando ya njia hawakuhitaji kuambiwa kwamba usiku ni wa kuhadhari, kwa kuwa simba na chui walipita karibu na malazi yao, na habari za Tsavo, ambako wafanyakazi wa reli walikuwa wameliwa mwaka uliotangulia, zilikuwa bado mbichi vinywani mwa watu. Bunduki ilihesabiwa miongoni mwa vyombo vya nyumba, sawa na taa na kitanda. Walakini silaha peke yake haikumwokoa mtu: mwezi wa Juni 1900, Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alikaa ndani ya behewa huko Kima na bunduki yake tayari, akimvizia simba aliyekuwa akisumbua watu wa stesheni, usingizi ukamshinda, na simba akaingia humo humo behewani akamchukua.

Mji ulipokua, biashara ya silaha ilipata maduka yake, na majina ya Charles Heyer na ya Shaw & Hunter yakajulikana kwa kila msasi aliyekuja kutafuta pembe na ngozi. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya nyika ndiyo iliyoegemezwa nyuma ya mlango usiku, na hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa mzito, maana risasi ya kumwangusha ndovu, ikipigwa ndani ya nyumba ya mbao na mabati, haiishii kwa mwizi, bali hupenya ukuta ikafika chumba cha watoto au kibanda cha mpishi kilichoko uani. Bunduki ya marisau haikuwa na hatari hiyo kwa kadiri ile ile, na bastola, ingawa nyepesi kushika, ilikuwa nyepesi vilevile kuibwa. Uchaguzi huo, hata hivyo, haukuwa wa watu wote. Mzungu alipata idhini ya kumiliki silaha pasipo taabu kubwa, ilhali Mwafrika alifungiwa mlango huo karibu kabisa. Naye ndiye aliyekesha nje ya nyumba ile ile, katika baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai, akiilinda kwa rungu, simi au upinde.

Kisa ambacho kwangu chafaa kusomwa na kila anayetaka kuweka silaha nyumbani kilitokea chini ya vilima vya Ngong, katika shamba la kahawa la Karen Blixen, mahali ambapo leo ni kitongoji cha Karen, naye mwenyewe amekisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1937, Out of Africa. Msimamizi wa kinu cha shamba hilo alikuwa na bunduki ya marisau nyumbani kwake, na jioni moja, mpishi akiwa hayupo, kijana mdogo wa jikoni akawaalika watoto wenzake, wakacheza na kufurahi kama watoto wafanyavyo wakikosa mkubwa wa kuwakanya. Bunduki ilikuwa imejazwa, na mkono wa mtoto uliweza kuifikia. Aliishika, akawaelekezea wenzake, ikalia katikati yao: mmoja alikufa, mwingine akavunjwa taya, na aliyefyatua akakimbilia gizani, asionekane kwa miaka. Wazee wa Kikuyu walikaa baraza siku nyingi, na baba wa aliyefyatua akatozwa mifugo ampe baba wa marehemu. Mzee yule hakuwa na bunduki, wala hakupata kuinunua, na bado fidia ya damu ilitoka katika zizi lake.

Karibu na hapo, alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, mlowezi mmoja, Lord Erroll, alikutwa amekufa kwa risasi ndani ya gari lake, karibu na njia panda ya Karen na Ngong. Siku chache kabla, Sir Jock Delves Broughton, aliyekaa Karen, alikuwa amewaarifu polisi kwamba bastola 2 zimeibwa nyumbani mwake, na kesi ya mauaji hayo aliyofunguliwa ikageuka kuwa mabishano marefu juu ya mikwaruzo ya risasi na bastola zilizotoweka, hata akaachiliwa mwezi wa Julai mwaka huo, na muuaji hajathibitishwa mpaka leo. Silaha za nyumba zilikuwa zimetoka sebuleni, na hakuna aliyeweza kueleza zimekwenda wapi.

Kisha yakaja maasi ya Mau Mau na Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na baada ya familia ya walowezi ya Ruck kuuawa huko Kinangop mwezi wa Januari 1953, walowezi wakaandamana hadi nyumba ya Gavana mjini Nairobi wakidai ulinzi mkali zaidi. Bastola zikaanza kuwekwa mezani penye chakula, na watumishi wakafungiwa nje baada ya kuandaa cha jioni. Huku nyuma, wapiganaji wa Mau Mau msituni, kwa kukosa silaha, waliunda bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira, na kila bastola iliyolala ovyo katika nyumba ya mjini ikawa yatafutwa. Sheria ya Silaha ambayo Kenya inaitumia mpaka leo iliandikwa wakati huo wa hofu, ikaanza kutumika mwaka 1954. Katika kipindi hicho hicho, kitu alichokiweka bibi mmoja kando ya sahani yake bila lawama kilitosha kumpeleka mwingine kwenye kitanzi: Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kukutwa na bastola na risasi zake.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika kutoa vyeti, na uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977, bunduki za wasasi zikakosa kazi, bastola ikabaki ndiyo silaha ya mwenye nyumba. Ulinzi wenyewe, lakini, ulibaki pale pale ulipokuwa: ua wa kayaba wenye miiba, kibao cha Mbwa Kali getini, vyuma vya madirishani, lango la chuma linalotenga sebule na vyumba vya kulala, na soja mwenye rungu, filimbi na tochi.

Ni kweli, na si haki kuificha, kwamba tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia jumba la maduka la Westgate kule Westlands na kuua watu 67, raia wenye bastola halali walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia pamoja na askari wachache, wakawatoa wengi salama. Ushujaa huo wastahili heshima. Lakini haukuwa ulinzi wa nyumba, na serikali yenyewe, mwezi wa Desemba 2018, iliwataka wenye silaha wote wajitokeze kuhakikiwa upya, kwa kuwa cheti kilichotolewa hakikuwa dhamana ya mikono iliyokishika.

Nikiulizwa leo na jamaa wa Lavington au Kilimani achague bastola ipi, nitamwomba kwanza anionyeshe sanduku la chuma atakamoifungia, na aniambie ni nani nyumbani anayejua ufunguo unakaa wapi. Tena nitamwuliza mshahara wa soja wake ni kiasi gani, na kama ana koti la mvua, kwa maana ndiye aliyeilinda Nairobi tangu siku za mabati, naye bado analipwa kidogo. Mwenye nyumba na amtimizie huyo haki yake kwanza, ndipo aende akaombe cheti.