Dakika Hamsini za Nani?

Andika kwenye simu yako "Eldoret hadi Nairobi kwa ndege" na jibu linakuja mbio: kama kilomita 267 hadi Jomo Kenyatta, chini ya saa moja. Sawa. Lakini mimi nikiwa hapa Lumakanda naona hesabu hiyo imeanzia mbali sana na mlango wangu, na mtindo huo ni wa zamani.

Turudi 1931. Tarehe 28 Februari ndege ya Imperial Airways ilitoka Croydon, London, ikaanzisha safari za kila wiki hadi Mwanza, kupitia Kisumu. Kutoka Khartoum zilitumika ndege za kutua majini, kwa hivyo uwanja ulikuwa Ziwa Victoria lenyewe. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town, na Kisumu ikawa mahali pa kushuka kwenye ndege ya maji na kupanda ya nchi kavu. London hadi Cape Town ilikula siku kama 11. Abiria walilala hotelini njiani, na sehemu ya Ulaya waliivuka kwa treni. Na ati hiyo ndiyo ilikuwa mbio! Meli ilichukua zaidi ya wiki mbili.

Sasa hebu angalia chini. Miaka hiyo hiyo Lugari hii yetu ilikuwa mashamba ya walowezi. Mluhya aliyefanya kazi huku alibeba kipande, kile kitambulisho cha kuning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Barua ya mzungu ilipaa ikafika London kwa siku chache. Yeye, kuhama shamba moja kwenda la jirani, alingoja sahihi ya mwajiri. Safari yake hiyo nani aliipima? Wengi wetu familia zetu zilipata shamba hapa kupitia skimu za makazi za miaka ya 1960.

Halafu Eldoret. Uwanja ulifunguliwa 1997, barabara ya ndege ikiwa kilomita 3.5. Watu walipiga kelele, wafadhili pia, ati Moi anajijengea nyumbani. Kuhusu gharama, kelele zilikuwa halali. Kuhusu urefu, hapana: pale ni juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, na ndege lazima ikimbie sana kabla ya kupaa.

Shida yangu ni ya huku chini. Boda hadi barabara kuu, matatu hadi Eldoret mjini, nyingine hadi Kapseret, kisha ufike mapema ukaguliwe. Ukishuka Nairobi, jam inakungoja. Dakika hamsini zimemeza nusu siku, na nauli ya ndege hata sitaji.

Basi la usiku linatoka jioni, alfajiri uko Nairobi, na hakuna anayepima uzito wa kuku wako.