Ngozi ya Michael Jackson na Hukumu ya Walimwengu

Michael Jackson alipofika Dar es Salaam mwezi wa Februari 1992, akaonana na Rais Ali Hassan Mwinyi na kuwazuru watoto wenye ulemavu wa akili katika shule ya Sinza, watu waliokuwa wakiikumbuka sura ya kijana wa rangi ya maji ya kunde katika jalada la santuri yake ya Thriller ya mwaka 1982 walistaajabu kumwona amekuwa mweupe. Na dhana ikashika mahali pa elimu, ikanenwa mijini na hata huku kwetu Masumbwe, katika ukanda wa dhahabu, kwamba mtu huyu amejichubua kwa kuichukia asili yake.

Uvumi huo ulikuta ardhi yenye rutuba. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo tangu Januari 1969 ilipiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ambazo baadhi yake hutiwa zebaki, ileile ambayo wachimbaji wetu hukamatishia dhahabu. Kizazi kilicholelewa kwa mafunzo hayo kilipoona mweusi amegeuka mweupe, kilidhani kimekwisha kuijua sababu.

Tarehe 10 Februari 1993, akihojiwa na Oprah Winfrey, Jackson alisema bayana kwamba ana maradhi yanayoharibu rangi ya ngozi, lakini wengi waliyahesabu maneno yake kuwa ni udhuru. Maradhi hayo ni mbalanga: chembe zitengenezazo rangi huangamia, aghalabu kwa kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, yakatokea mabaka meupe ambayo huenda yakaenea mwili mzima. Alipofariki tarehe 25 Juni 2009, matabibu walioichunguza maiti yake walithibitisha kwamba alikuwa na mbalanga kweli. Alikuwa amesema kweli kwa miaka kumi na sita bila ya kusadikiwa.

Ama sisi wa ukanda huu wa dhahabu, kadhia hii inatuhusu kuliko wengi. Ualbino si mbalanga, kwani huo mtu huzaliwa nao. Lakini dhana ya kwamba ngozi ya mtu ina siri ndiyo iliyowafanya watafuta utajiri, kwa kuhadaiwa na waganga, kuwaua wenzetu wenye ualbino. Mnamo Septemba 2009, miezi mitatu tu baada ya kifo cha Jackson, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya ambayo Masumbwe ilikuwa sehemu yake wakati huo.

Alhasili, anayemsingizia msanii wa ng'ambo na anayemwinda mtoto wa jirani hawalingani kwa dhambi, lakini wote wawili wameisoma ngozi ya mwanadamu bila ya elimu. Na tumfunze mtoto wetu, kabla hajatoa hukumu juu ya rangi ya mtu, amwulize mwenyewe, na akijibiwa, amsadiki.