Mama wa Watoto Watatu na Safari ya Baiskeli Kuzunguka Dunia (Sehemu ya 4)

Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya afya ya mwanamke. Leo tunaongelea baiskeli. Ndiyo, baiskeli! Usipite, soma hadi mwisho, maana inamhusu binti yako.

Kabla ya 1885, baiskeli iliyokuwa ikitamba Ulaya na Marekani ilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma. Ukianguka, unaanguka kutoka juu kweli kweli. Mwaka huo Mwingereza John Kemp Starley akatoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye mnyororo na magurudumu yanayokaribiana ukubwa, karibu sawa na tunayoijua leo. Kisha mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop akasajili tairi lake la upepo. Alianza kulitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Kwa hiyo ukijaza upepo kwa fundi wa mtaani, kumbuka kazi ile ilianza na baba na mtoto wake.

Sasa baiskeli ikawa rahisi kupanda, na wanawake wa mijini wakaingia barabarani. Wakaenda kazini, sokoni, kutembelea ndugu, bila kumsubiri mtu wa kuwasindikiza. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Miaka ya 1890 baadhi ya madaktari waliandika kwamba baiskeli inamharibu mwanamke. Wakabuni hadi ugonjwa, wakauita "uso wa baiskeli". Eti kwa sababu ya kuhangaika asianguke, macho yanatoka, taya linakaza, uso unaiva. Wengine wakatishia kuwa kizazi kitaharibika na mwanamke hatazaa. Hebu fikiria: hujasoma udaktari, na daktari mwenyewe ndiye anayekwambia hivyo. Utapanda kweli?

Kuna mama mmoja alipanda. Aliitwa Annie Cohen Kopchovsky, mhamiaji kutoka Latvia aliyekuwa akiishi Boston, Marekani. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, ana watoto watatu wadogo, na alikuwa akitafutia magazeti matangazo ya biashara. Juni 1894 aliondoka Boston akisema anaizunguka dunia kwa baiskeli. Hakuwa mwendeshaji mzoefu hata kidogo. Kampuni moja ya maji ya chupa ilimlipa dola 100 abebe tangazo lake na atumie jina lake, na ndiyo maana historia inamjua kama Annie Londonderry.

Alianza na sketi ndefu juu ya baiskeli ya kike yenye uzito wa kilo 19 hivi. Jamani, kilo 19! Alipofika Chicago, Septemba, alikuwa hoi. Hapo akafanya uamuzi wa akili: akachukua baiskeli ya kiume iliyokuwa karibu nusu ya uzito ule, akaacha sketi, akavaa suruali pana. Akarudi New York, akapanda meli hadi Ufaransa, akaendesha kutoka Paris hadi Marseille. Kisha meli tena: Misri, Colombo, Singapore, hadi Japani. Machi 1895 alishuka San Francisco, akaikata Marekani kurudi mashariki. Huko Iowa aligonga kundi la nguruwe, akavunjika kifundo cha mkono. Akafungwa hogo, akaendelea. Septemba 1895 akaingia Chicago.

Tuseme ukweli wote. Sehemu kubwa ya dunia Annie aliivuka kwa meli, na mara nyingine alipanda gari moshi. Alipenda pia kutia chumvi kwenye simulizi zake, na lile dau kubwa alilodai wanaume wawili wa Boston waliwekeana juu yake halijathibitishwa. Tena aliwaacha watoto wake na baba yao, Max, kwa miezi 15. Hilo kila mama atalipima kwa moyo wake, na mimi sikwambii umuige. Lakini maelfu ya watu walimwona kwa macho yao mwanamke aliyezaa mara tatu akiendesha, akianguka, akiinuka, na uso wake ukiwa uso wa kawaida tu.

Na huko huko Chicago alikuwepo Dkt. Sarah Hackett Stevenson, mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wa Chama cha Madaktari cha Marekani, mwaka 1876. Sisi wauguzi tunamdai heshima, maana alishiriki kuanzisha shule ya wauguzi jijini humo. Mwaka 1897 alieleza kuwa baiskeli haimdhuru mwanamke, inamjenga. Ule wasiwasi usoni, alisema, ni wa anayejifunza, ukizoea unaisha. Basi, "ugonjwa" ukafa hivyo.

Kwa nini nakwambia haya leo? Kwa sababu kliniki bado nasikia: "Nesi, binti yangu akipanda baiskeli si ataharibika, atapoteza usichana?" Mama yangu, huo ni uso wa baiskeli uliobadilishwa jina. Ule utando wa ukeni hutofautiana kwa kila msichana, na hauwezi kukuonyesha kama ameshakutana na mwanamume au la. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa vipimo vya bikira havina msingi wa kisayansi. Binti anayetembea saa nzima kwenda shule usimnyime baiskeli kwa hofu hiyo.

Hatari za kweli zipo, ndizo za kuzishughulikia: magari, giza, breki mbovu, kichwa kisicho na kofia ngumu. Ukiwa mjamzito, tumbo likikua mizani ya mwili hubadilika na kuanguka ni rahisi, kwa hiyo ongea na mkunga wako na uchague kutembea. Ukijifungua, subiri upone, hasa kama ulishonwa au ulifanyiwa upasuaji. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka usimpakie.

Siku nyingine mtu akikwambia "hilo litamharibu mwanamke", muulize kwa upole: litaharibu nini, na umejuaje? Kama ni tiba, atakuwa na jibu.

Mtumie mama mwenye binti wa shule. Na wewe, ulikatazwa baiskeli utotoni? Uliambiwa sababu gani? Niandikie hapo chini, nasoma zote.